Biashara ya Makombe ya Bahari: Kwa Nini Hatua Zichukuliwe Kabla ya Uhaba Kuonekana

Na Mwandishi Wetu

Makombe ya konokono wa baharini ni bidhaa inayofahamika katika mwambao wote wa Tanzania. Huuzwa kwa wageni kando ya fukwe na katika maduka ya vinyago, na baadhi ya konokono wenyewe ni kitoweo cha kaya za pwani. Kwa kuwa kombe huonekana kama kitu kilichookotwa tu mchangani, wapo wananchi wanaojiuliza kwa nini Serikali ilihesabu kuwa rasilimali ya uvuvi inayosimamiwa kwa leseni na vibali. Jibu limo katika namna wanyama hawa wanavyozaliana, na katika yaliyozipata nchi nyingine zilizochelewa kuchukua hatua.

Biashara hii si ngeni. Katikati ya karne ya 19, kampuni za Hamburg, ikiwemo O'Swald, zilinunua kauri za mwambao wetu kupitia Zanzibar na kuzisafirisha kwa meli hadi Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Ziliposhehenezwa kupita kiasi katika masoko hayo, thamani yake iliporomoka. Makombe makubwa ya rangi ya chungwa, yanayotoka kwa konokono aitwaye kitaalamu Cypraecassis rufa, nayo yalipelekwa Italia, ambako mafundi wa mji wa Torre del Greco huyachonga kuwa vito.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulifahamu ni kwamba kombe linalong'aa kwa kawaida limetoka kwa mnyama aliyevuliwa akiwa hai. Kauri, kwa mfano, hung'aa kwa sababu konokono wake hulifunika kombe kwa ngozi yake laini anapotembea. Mnyama akifa baharini, kombe hubaki likipigwa na mawimbi, mchanga na jua, rangi hufifia na uso wake hukwaruzika. Kwa hiyo meza iliyojaa makombe mazuri ni ushahidi wa uvuvi uliofanyika mwambani.

Jambo la pili linahusu uzazi. Konokono wengi wakubwa wa baharini wana dume na jike, na ni lazima wakutane ili jike atage mayai yaliyorutubishwa. Mnyama anayetambaa taratibu hawezi kusafiri mbali kumtafuta mwenzake. Funzo la wazi zaidi kuhusu jambo hili limetoka Bahari ya Karibi, kwa konokono mkubwa mwenye kombe la waridi, anayefahamika kitaalamu kama Strombus gigas. Mnyama huyo huhitaji takriban miaka minne kufikia umri wa kuzaa. Utafiti uliofanyika Bahamas na kuchapishwa mwaka 2000 ulibaini kwamba mahali palipokuwa na chini ya konokono wakubwa 56 kwa hekta hapakuonekana kupandana hata kidogo, na chini ya 48 kwa hekta hapakuonekana kutaga.

Takwimu hizo zinabeba ujumbe mzito. Uvuvi wa konokono hauporomoki siku anapovuliwa wa mwisho. Huanza kuporomoka pale waliobaki wanapokuwa mbalimbali kiasi cha kutokutana. Mvuvi bado atawaona, mmoja hapa na mwingine kule, na ataamini kuwa mali ingalipo, ilhali kizazi kipya kimekwisha kukoma.

Jimbo la Florida nchini Marekani lililipia gharama ya kuchelewa. Lilisitisha uvuvi wa kibiashara wa konokono huyo mwaka 1975, na katikati ya miaka ya 1980 likapiga marufuku uvunaji wote. Takriban miaka 40 baadaye, marufuku hiyo haijaondolewa. Jamaica nayo ilifunga uvuvi huo mwaka 2019 baada ya idadi kushuka, ingawa ulikuwa ukiipatia nchi fedha za kigeni. Mwaka 2024 Marekani ilimweka konokono huyo katika orodha ya viumbe walio katika tishio la kutoweka.

Konokono wa Karibi amekuwa chini ya Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 1992. Kwa upande wetu hali ni tofauti. Mkataba huo unawahusu chaza wakubwa wa jamii ya Tridacna, lakini hauwataji Cypraecassis rufa wala Charonia tritonis, yule konokono mrefu ambaye kombe lake hupulizwa kama baragumu. Maana yake ni kwamba kombe la baragumu likishavuka mpaka wetu, afisa forodha wa nchi nyingine anaweza asiwe na msingi wa kulizuia kwa mujibu wa mkataba huo. Ulinzi wa viumbe hao unategemea zaidi sheria zetu wenyewe.

Sheria hizo zipo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inasimamia uvunaji na usafirishaji wa mazao ya uvuvi nje ya nchi, na Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi Na. 7 ya mwaka 2010. Maeneo kama Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, yanalindwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Hata hivyo, sheria inayosubiri uwanja wa ndege humkuta msafiri na kombe wakati mnyama amekwisha kufa. Udhibiti wenye tija ni ule unaoanzia mwambani.

Umuhimu wa viumbe hawa haukomi katika mapambo. Charonia tritonis ni miongoni mwa wanyama wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba, anayeharibu matumbawe anapoongezeka kupita kiasi. Cypraecassis rufa hula urukwi, ambao wakizidi hukwangua miamba. Matumbawe yakiharibika, samaki hukosa makazi, na hasara humrudia mvuvi.

Pamoja na hayo, haki ya wanaoishi kwa bahari isisahaulike. Wanaookota konokono wakati wa maji kupwa, hasa siku za bamvua, wengi wao ni wanawake wasio na chombo wala mtaji. Katazo la jumla lingewaondolea kitoweo bila kumgusa mnunuzi mkubwa wa mapambo. Ni busara kutofautisha konokono wadogo wa chakula, wanaozaana kwa wingi, na wale wakubwa wa mapambo wanaokomaa polepole.

Baadhi ya vijiji vya Mafia na Pemba vimekwisha kuonyesha kuwa jamii inaweza kufunga mwamba kwa hiari yake ili pweza wakue, kisha ikaufungua na kuvuna zaidi. Utaratibu huo unafaa kuigwa, lakini kwa tahadhari. Pweza hukua haraka, na miezi michache humtosha. Konokono wakubwa huhitaji miaka. Mwamba unaofungwa kwa ajili yao unapaswa kubaki umefungwa kwa muda mrefu, na kuwa na wakubwa wengi walio karibu karibu.

Wananchi wana nafasi yao katika jambo hili. Waokotaji wanashauriwa kuwaacha konokono wachanga na wale wanaolalia mayai, na kurudisha jiwe walilolifunua kama lilivyokuwa. Wafanyabiashara wahakikishe wana leseni halali, na wageni waelezwe mapema kuwa kusafirisha makombe nje ya nchi kunahitaji kibali. Atakayeshuhudia uvunaji haramu atoe taarifa kwa Afisa Uvuvi wa wilaya au kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji chake. Florida ilifunga milango konokono wakiwa wamekwisha kutawanyika. Sisi bado tuna nafasi ya kuchukua hatua wakiwa bado wanakutana.