Aliyeuza Ndiye Apewe Tuzo

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
Dar es Salaam.

YAH: MASHINDANO YA MAWAZO YA BIASHARA ENDELEVU VYUONI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si la ofisi yako peke yake. Linawagusa makamu wakuu wa vyuo, wafadhili, na sisi tunaoalikwa kukaa meza ya mbele tukaitwa majaji. Mimi ni mtengenezaji mdogo wa sabuni, na kwa miaka kadhaa vyuo vimekuwa vikiniita "mdau kutoka sekta binafsi". Wali wa mashindano nimeula sana, na ninachokisema hapa nimekiona kutoka kwenye kiti hicho.

Mambo yanavyokwenda unayajua. Wanafunzi wanne au watano wanapanda jukwaani na fulana zinazofanana. Slaidi ya kwanza ni msitu uliofyekwa au dampo la Pugu. Inafuata slaidi ya tatizo, ya suluhisho, kisha ya ukubwa wa soko, na hapo kila Mtanzania aliyehesabiwa kwenye sensa ya 2022, wote milioni 61, anageuka kuwa mteja mtarajiwa. Mwisho tunaruhusiwa kuuliza. Mimi huuliza swali lilelile: mmeshamuuzia nani? Jibu huwa ni dodoso. Waliwahoji wenzao wa hosteli, na wengi walisema wangenunua.

Halafu wanashinda. Linaletwa lile bango la hundi, mgeni rasmi anashika upande mmoja na vijana upande mwingine, picha inapigwa. Miezi michache baadaye ni UE, mitihani ya mwisho wa muhula, kisha kila mmoja anarudi kwao au anaenda kutafuta ajira, mwingine Mbeya, mwingine Mwanza, na kikundi kinabaki kuwa grupu la WhatsApp la kutakiana heri ya siku ya kuzaliwa.

Sina ugomvi na vijana hawa. Wanajibu mtihani waliopewa. Fomu ya majaji inayowekwa mbele yangu huwa na alama za ubunifu, za faida kwa mazingira, za uwasilishaji, za uwezekano wa kukua. Sijawahi kuona mstari wa mauzo. Mwanafunzi mwenye akili atatumia wiki zake kunoa slaidi, na atakuwa hajakosea. Neno "endelevu" limeandikwa kwenye bango la ukumbi, nasi tunalipima kwa miti na kwa plastiki. Kama biashara yenyewe itafika mwakani hatuna kipimo chake. Ndivyo tulivyo hata kwenye mambo ya nyumbani: kamati inakaa, kadi zinagawiwa, harusi inachangiwa hadi inafana, ndoa hakuna anayeiundia kamati.

Chukua mkaa mbadala. Katika mashindano niliyohudhuria, hiki ndicho kitu kinachorudi kuliko vyote: mwaka huu wa pumba za mpunga, mwaka unaofuata wa vifuu vya nazi, kisha wa vumbi la mkaa lililookotwa chini ya magunia. Kila kikundi kinakuja na mashine ya kushindilia iliyochomelewa upya na kinaeleza kwa furaha ugunduzi ambao waliotangulia waliwahi kuueleza. Hawadanganyi. Hawakuwajua tu. Hakuna mahali wangeweza kusoma kwamba wenzao walishindwa kwa sababu tufali za mkaa zilimeguka njiani, au kwamba kuni za kawaida zilikuwa bei rahisi kuliko gharama ya kukausha unga wakati wa masika. Maarifa ya kushindwa, ambayo kwetu wafanyabiashara ndiyo mtaji, yanaondoka na vijana siku wanapokabidhi funguo za hosteli.

Na ajabu ni kwamba soko la mkaa huu lilikuja lenyewe, tena kwa tarehe. Serikali ilielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Mei mwaka huohuo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati safi. Shule za bweni, magereza, vyuo, wote wakaanza kutafuta cha kuwasha. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, likaingia sokoni na Rafiki Briquettes yake inayotokana na makaa ya mawe. Sililaumu, lilifanya kazi yake. Ila nataka kujua: vile vikundi vyote vya pumba za mpunga tulivyovipigia makofi vilikuwa wapi siku hiyo? Na ni jiko gani la chuo kikuu lililowahi kumwita mshindi wake mwenyewe na kumwambia, lete tani moja tujaribu?

Chuo kinamwambia kijana wake "wazo lako ni bora kuliko yote", kisha meneja wa kafeteria ya chuo hichohicho, hatua mia mbili kutoka ukumbini, ananunua nishati kwa mtu mwingine. Sisi dukani tungesema chuo hakiyaamini maneno yake.

Waandaaji wetu wanapenda kutaja mifano ya nje. Wanayo haki, lakini wasimulie yote. Mwaka 2011 wanafunzi wa MIT, Marekani, walishinda shindano la chuo chao la dola 100,000 kwa mpango wa vyoo vya Mukuru, Nairobi. Ndiyo Sanergy. Ukiusoma ule mpango utaona hauna mahali ambapo mtu anaombwa awe na huruma. Mkazi wa mtaa ananunua choo na kukiendesha, mpita njia analipa sarafu kukitumia, kinyesi kinakusanywa na kugeuzwa mbolea, mkulima ananunua. Wanunuzi watatu katika wazo moja. Usafi wa Mukuru ni kitu kinachotokea wakati watu hao wanalipana.

Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo cha Earlham, Indiana, akiwemo Mkenya, walitwaa Hult Prize, lile shindano la dola milioni 1 ambalo vyuo vingi vya kwetu huendesha mchujo wake. Wazo lao lilikuwa abiria wa Nairobi akate tiketi ya basi kwa ujumbe mfupi wa simu. Biashara iliyotokana nalo leo inaitwa BuuPass, inakatisha tiketi za mabasi ya masafa marefu, na mwaka 2023 ilinunua kampuni nyingine ya kukatisha tiketi, QuickBus. Wazo la jukwaani lilibadilika sura njiani, kama mawazo yote ya biashara yanavyobadilishwa na wateja. Waliokuwa na fedha na nafasi ya kubadilika wakabaki. Kwetu kikundi kinapewa hundi kwa masharti ya kutekeleza andiko kama lilivyoandikwa, na ukibadili kitu unaulizwa maswali ya ukaguzi.

Tunaye na wa kwetu. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ndiye mshindi wa kwanza wa tuzo ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mwaka 2015, pauni 25,000, kwa kichujio chake cha maji kinachounganisha mchanga na teknolojia ya nano. Kampuni aliipa jina la kijiji alikokulia huko Karatu, Gongali. Anasifiwa kwa ubunifu, na anastahili. Lakini kuna jambo dogo ambalo wanaomtaja huliruka: alikuwa mhadhiri. Tuzo ilipopita, asubuhi iliyofuata alikuwa bado ana maabara, mshahara na anwani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana hata kimoja. Bumu lenyewe, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, linakata.

Kwa hiyo hili ndilo ombi langu, na mengine yote yananing'inia hapo: fedha ya tuzo ifuate mauzo. Kikundi kikifika fainali kipewe kiasi kidogo cha kutengeneza bidhaa ya kwanza, labda robo. Kinachobaki kishikiliwe na kitoke kadiri kikundi kinavyoleta risiti za wateja ambao si ndugu, si wahadhiri na si majaji. Asiyeuza asilipwe, aandike ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini hakuuza, na ukurasa huo ulipwe chochote, maana una thamani kuliko slaidi zote. Kurasa hizo zikikusanywa na Tume kwenye daftari moja la wazi, kijana wa mkaa wa mwakani ataanzia pale wenzake walipokwama. Tangu 2019 mna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yenye washiriki wa kila aina. Orodha za washindi mnazo. Kinachokosekana ni safu moja tu kwenye jedwali: yuko wapi sasa.

Najua litasemwa kwamba mauzo yatawaua wenye mawazo makubwa, wale ambao teknolojia yao inahitaji miaka mitano maabara. Ni kweli, na hao wasiingizwe kwenye mashindano ya biashara hata kidogo. Hao ni watafiti, wana mlango wao hapo hapo ofisini kwenu Kijitonyama, wapewe ruzuku ya utafiti. Kuwavalisha fulana na kuwapa dakika tano wajifanye wafanyabiashara ni kuwapotezea muda.

Ombi la pili ni la mnunuzi. Chuo kinachoandaa shindano kiseme kabla ya shindano kitanunua nini. Sisemi msaada, nasema ununuzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Chuo kikuu cha umma kinanunua sabuni ya chooni, nishati ya jikoni, bahasha, mifuko ya taka, miche ya bustani. Lakini kikundi kisichosajiliwa hakiingii NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, na vijana wetu wanapewa bango la hundi bila mtu wa kuwashika mkono hadi BRELA wasajili biashara, wala wa kuwapeleka SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapate utambulisho wa kwenda nao TBS kwenye viwango vya ubora. Mkiweza kupeleka afisa mmoja mmoja wa taasisi hizi akae na washindi siku mbili, mtakuwa mmefanya zaidi ya semina nzima ya "fikra za kijasiriamali", na semina hizo kwa kweli zimezidi.

Nguvu ya mnunuzi tumeiona. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, hakuna aliyehitaji kuwashawishi wenye maduka kwa slaidi kwamba mifuko mbadala ni wazo zuri. Waliitafuta wenyewe. Kina mama waliokuwa na cherehani waliamka wakaanza kushona. Shindano haliwezi kufanya hivyo hata likiwa na mgeni rasmi wa namna gani.

Na kuna mtu ambaye simwoni kamwe kwenye picha ya pamoja. Zile mashine za kushindilia mkaa, za kusaga chupa, za kukausha matunda, nimeziangalia kwa karibu. Uchomeleaji ule si wa mwanafunzi wa biashara. Ni wa fundi wa mtaani Gerezani au wa gereji ya karibu na chuo, aliyelipwa shilingi zake akaambiwa kwaheri. Mashine ikiharibika baada ya mahafali, yeye ndiye anayejua kuitengeneza, na yeye ndiye ambaye hatahama kwenda Mwanza kutafuta ajira. MAKISATU inao mafundi wa mfumo usio rasmi, tena ni jambo la kuwapongeza. Lakini wana kundi lao na vyuo vikuu vina kundi lake, kila mmoja anashindana na wa aina yake. Fungueni kundi moja la pamoja: wanafunzi na fundi, na fundi awe na hisa zilizoandikwa. Atakayekaa na biashara mwaka wa nne na wa tano ni yeye. Wanafunzi waliobaki, wa mwaka wa kwanza na wa pili, wamfuate pale gereji.

Sidai nchi nzima ibadilike kwa mkupuo. Chagueni chuo kimoja na jiko moja kabla mwaka wa masomo haujaanza. Mkataba uwe mdogo: mkaa mbadala wa muhula mmoja, ubora umepimwa, bei imekubaliwa, atakayeshinda ndiye atakayeleta. Na malipo yawe ndani ya siku 30 tangu mzigo kupokelewa. Hilo la siku 30 naomba liandikwe kwa wino mzito, maana tunaouzia taasisi tunajua kinachoua biashara changa kuliko ukosefu wa mtaji: ni invoisi iliyokaa mezani kwa mhasibu hadi mwaka wa fedha ukaisha. Mimi nilikuwa na duka la kuniweka mjini nikisubiri. Wao hawana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtengeneza sabuni,
Dar es Salaam.

Nakala: Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Umma
Nakala: Mameneja wa kafeteria za vyuo hivyo