Kukereza mbao: Wenzetu waipandisha hadhi, sisi twauza miguu ya meza

Anayepita kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, mahali ambapo mafundi wa samani huanika bidhaa zao juani, hakosi kuona vitanda na meza ambazo miguu yake imeviringwa ikapata shingo, kiuno na tumbo. Miguu hiyo haikuchongwa kwa tezo. Imekerezwa: kipande cha mbao kilibanwa katika mashine kikazungushwa kwa kasi, naye fundi akakisogezea chuma chenye makali hadi umbo likajitokeza. Mnunuzi huuliza bei ya kitanda. Hakuna aulizaye ni nani aliyekereza mguu.

Kule Marekani, kazi iyo hiyo imeingia katika majumba ya makumbusho. Mnamo 2001 na 2002, maonyesho makubwa kuhusu ukerezaji wa mbao Amerika Kaskazini tangu 1930 yaliandaliwa katika jumba la sanaa la Minneapolis, katika Chuo Kikuu cha Yale na katika jumba la Renwick la Smithsonian, Washington. Vilivyoonyeshwa ni mabakuli na vyungu vya mti, na vingi havikukusudiwa kutiwa chakula wala maji. Chini ya kila kimoja palikuwa na jina la mtu.

Je, ni nini kilichoipandisha hadhi kazi ya wenzetu, na kwa nini yetu ingali pale pale chini ya kitanda?

Haiwezekani kusema kuwa ufundi huu ni mgeni kwetu. Kerezo la kale la pwani halikuhitaji umeme. Fundi aliketi chini, akabana kipande cha mti baina ya ncha mbili za chuma, akakizungushia upote wa uta, kisha uta ukasukumwa na kuvutwa, mara nyingine na msaidizi wake. Mti ulizunguka mbele, ukarudi nyuma. Patasi ilikata pale tu mti ulipozunguka kumwelekea fundi. Ulipogeuka, aliirudisha kidogo akangoja. Nusu ya kila mwendo, basi, ilikuwa ni subira. Kwa kifaa hicho zilitoka nguzo na miguu ya vitanda vya Siyu na Lamu, zikapakwa lakiri nyekundu na nyeusi, na baadhi ya samani hizo zingaliko katika makumbusho ya Lamu. Ni ufundi ulio na ndugu zake katika bara Hindi, kama ilivyo kwa mengi yaliyofika kwetu kwa jahazi.

Hata neno lenyewe linatuponyoka. Katika meza ya uhariri hupokea makala za waandishi chipukizi waliotaja "mashine ya kuzungusha mbao", ilhali kamusi zimehifadhi kereza, kerezo na mkerezaji kwa miaka na miaka. Si kosa lao. Neno hufuata kazi, na kazi isiyoheshimiwa hupoteza hata jina.

Turejee Marekani. Huko nako mkerezaji alikuwa fundi wa kiwandani au mzee aliyejiburudisha karakanani kwake. Mageuzi yalianza na watu wachache. James Prestini, aliyesomea uhandisi, alikereza mabakuli kati ya 1933 na 1953, akayafanya membamba mno hata yakaonekana kama kauri. Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York liliyatwaa, na mnamo 1950 kikatolewa kitabu kizima kumhusu. Bob Stocksdale aliianza kazi hii wakati wa Vita Vikuu vya Pili akiwa amezuiliwa kambini, kwa kuwa dhamiri yake ilimkataza kushika bunduki. Ed Moulthrop, mbunifu wa majengo jijini Atlanta, alikereza mabakuli makubwa kutoka kwa magogo mazima, na ufundi wake ukarithiwa na mwanawe na kisha mjukuu.

Aliyeisukuma kazi hii mbali zaidi pengine ni David Ellsworth. Huyu alipinda vyuma vyake ili aweze kukomba chungu cha mti kupitia tundu dogo la juu. Akiwa kazini hakioni anachokikata. Husikiliza mlio wa chuma na kuhisi mtetemo mkononi, hadi ukuta wa chombo unapobaki na unene wa milimita chache. Kosa dogo, na kazi ya siku nyingi inapasuka. Hapo ndipo wakosoaji wengi walipokoma kuuliza kama chombo hicho kina manufaa jikoni.

Hata hivyo, mikono pekee haikutosha. Mnamo 1986 kiliundwa Chama cha Wakerezaji wa Marekani, Ellsworth akawa rais wake wa kwanza. Mwaka uo huo, Albert LeCoff na wenzake walianzisha jijini Philadelphia kituo ambacho leo ni makumbusho ya sanaa za mbao. Chama kilichapisha jarida, kikaandaa makongamano ambamo mabingwa walionyesha hadharani mbinu ambazo awali zilikuwa siri za karakana. Wakatokea wakusanyaji waliokuwa tayari kulipia bakuli moja fedha ambazo kwetu zingenunua vitanda kadhaa. Walilipia mbao, ndiyo, lakini zaidi walilipia jina lililoandikwa chini yake.

Sasa tutazame kwetu. Sekta ya uchongaji ya Wakamba, ambayo asili yake husimuliwa kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, imelisha familia nyingi. Vyama vya ushirika, kikiwemo kile cha Changamwe, Mombasa, viliwapa wachongaji soko na kuwapunguzia utegemezi kwa madalali. Jambo hilo si dogo. Lakini mtalii anayegeuza sanamu ya twiga aghalabu huona chini yake bei na nambari ya mwanachama. Nambari humfaa mweka hazina siku ya malipo. Haimwezeshi mnunuzi kurudi mwaka ujao na kumtafuta fundi yule yule, wala haimpi fundi sababu ya kutengeneza umbo ambalo mwenzake hajawahi kulitengeneza.

Mahali ambapo jina lilitangulia, mambo yamekuwa tofauti. Elkana Ong'esa, aliyetoka miongoni mwa wachongaji wa mawe wa Kisii, ana sanamu yake katika makao makuu ya Unesco jijini Paris. Jiwe lake ni lile lile linalochongwa vibakuli vya kuuzwa barabarani.

Kuna watakaosema kuwa haya ni anasa, na kwamba fundi mwenye karo ya kulipa hana wakati wa kukereza chungu kisichotumika. Hoja hiyo ina uzito, na aghalabu hutolewa na mafundi wenyewe. Isitoshe, soko la wakusanyaji wa Marekani si kisima kisichokauka. Wengi wa walioanza kununua katika miaka ya 1980 wamezeeka. Lakini wanaotoa hoja hiyo husahau kuuliza mti unatoka wapi.

Mpingo ni miongoni mwa miti inayotamaniwa mno na wakerezaji duniani. Ni mzito hata huzama majini, hukatika laini, na hushika mng'aro bila rangi. Zumari na klarineti za Ulaya hutengenezwa kwa mti huo. Lakini huchukua miongo mingi kukomaa, na humu nchini wachongaji waliufyeka kiasi kwamba ilibidi wageukie muhugu, nao muhugu ukaanza kuadimika. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya mpingo imo chini ya masharti ya mkataba wa Cites, ingawa ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo mnamo 2019.

Ajabu ni kwamba mmoja wa waliostushwa mapema na hali hii alikuwa mkerezaji wa mbali. James Harris wa Texas, ambaye huutumia mpingo katika ukerezaji wa nakshi, aliungana mnamo 1996 na mtaalamu wa mimea wa Moshi, Sebastian Chuwa, kuanzisha mradi wa kupanda mpingo kaskazini mwa Tanzania. Chuwa, aliyetuzwa na wakfu wa Rolex mnamo 2002, alifariki 2014. Mkerezaji wa Texas alikuwa na sababu ya kuhangaikia mti wa Moshi: kipande kidogo tu humtosha kwa kazi ya wiki nyingi, na alijua thamani yake. Anayeuza kwa dazeni huhitaji gogo baada ya gogo, na faida yake hutokana na wingi. Kwa maana hiyo, sanaa ya juu si adui wa msitu. Inaweza kuwa njia ya kupata fedha nyingi kutoka kwa mti mmoja badala ya fedha kidogo kutoka kwa miti kumi.

Wala si lazima tungoje mpingo ukue. Mwarobaini humea upesi pwani, na mnamo 2005 vinyago vya Kenya vilivyotengenezwa kwa miti ya mashambani vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Waliokuwa wakiutegemea mwarobaini hawakuwa na sababu ya kutetemeka serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018. Marufuku hiyo iliondolewa 2023, lakini inaweza kurudi wakati wowote.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini pamoja na shughuli za kitamaduni. Kwa hivyo Machakos, Kilifi na Lamu hazina haja ya kusubiri Nairobi ili zinunue mashine chache za kukereza, zimwalike mzee anayelikumbuka kerezo la uta aketi na vijana, na makumbusho yetu yanunue kazi chache kila mwaka kwa bei ya haki. Hilo litahitaji bajeti na mijadala ya madiwani. Lisilohitaji bajeti ni vyama vya ushirika kuongeza, kando ya nambari ya mwanachama, jina lake, kijiji chake na mwaka alioifanya kazi hiyo.