Madaftari ya Wanyakyusa na Waraka wa Leo
Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliokaa miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walijaza madaftari kwa habari za vijiji vya marika, ndoa na matanga. Naye Godfrey alipofariki mwaka 1944, mjane wake ndiye aliyeyapanga maandiko hayo kwa subira hata kikatoka kitabu, Good Company, mwaka 1951, na vingine vikafuatia mpaka 1977. Karani wa ushirika wa kakao hapa Kyela, nchi hiyo hiyo ya Wanyakyusa, aandikaye kumbukumbu za vikao simuni kwa vichwa na vichwa vidogo, huenda akadhani taabu hiyo ya kupanga maandiko imeondoka. Kumbe akinakili na kubandika kwenye Word, aghalabu vichwa hupoteza daraja zao, na orodha ya yaliyomo haiwezi kujitunga. Yafaa kuhamisha faili lenyewe kwa Pandoc, programu ya bure aliyoianzisha John MacFarlane mwaka 2006, ambayo hugeuza alama moja ya reli (#) mwanzoni mwa mstari kuwa kichwa kikuu, na mbili kuwa kichwa kidogo. Lakini haibuni mpangilio usiokuwapo. Basi, enyi makatibu, tieni alama hizo kikao kingali kikiendelea.