Picha ya Manowari Inatuhusu

Picha ya zamani ya manowari ya Wajerumani, Königsberg, ikiwa imelala ubavu katika matope ya mto Rufiji, hutiwa kwenye fremu nzuri. Chini yake husomwa jina la meli, na pengine la nahodha wake, Max Looff. Basi. Wenzetu wengine husema: hilo ni pambo tu, ni habari ya Wazungu na ya bahari ya mbali, sisi wa Bujumbura inatuhusu nini? Napinga. Inatuhusu, na maelezo mafupi ya namna ile ndiyo yanayotufanya tusijue.

Manowari ile ilipigwa na Waingereza tarehe 11 Julai 1915, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa na Waafrika hadi Dar es Salaam. Mmoja ulifika Kigoma, ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen katika ziwa hili hili la Tanganyika, wakati mji wetu ukiitwa Usumbura na ukiwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli hiyo pia. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, baadaye wakaiita Liemba. Na Mei 2015 ni Liemba hiyo iliyovusha maelfu ya wakimbizi Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Je, bado ni habari ya mbali?

Nahodha anatajwa kwa jina. Waliokokota mizinga hawapewi hata neno moja. Atakayesema kwamba majina yao hayakuandikwa, nitamjibu: kazi yao inajulikana, basi iandikwe kazi yao.

Sisemi picha hizo zishushwe. Kuzishusha ni kuwasaidia wanaotaka tusahau. Nasema maelezo yake yaandikwe upya, kwa Kiswahili, tena na sisi tunaoisoma lugha hii: nani alipigana, nani alibeba, na mzinga ule ulikwenda wapi. Walimu wetu wanatufundisha insha, ushairi na tafsiri; mistari mitano chini ya picha haitatushinda. Tusipoiandika sisi, wageni watakaokuja kuitazama wataendelea kusoma habari za nahodha aliyepoteza meli yake, na watoto wetu wataamini kwamba siku ile Rufiji hapakuwa na Mwafrika hata mmoja.