Papa ni Halali, Lakini Jibu Langu Halikutimia

  

Mwezi uliopita, baada ya darsa ya akina mama hapa Pumwani, bibi mmoja alibaki nyuma akaniuliza suala. Binti yake ana mimba ya miezi mitano, nao wanaishi pamoja mtaa wa Umoja. Kila aendapo mtu Mombasa, bibi huyu humwagiza papa mkavu. Siku ya Ijumaa humroweka maji apungue chumvi, kisha humpika kwa nazi. Sasa muuguzi wa kliniki amemkataza binti asile papa. "Sheikh wangu," akaniambia kwa uchungu, "hawa watatuharimishia hata chakula cha bahari? Mimi nimezaa sita, na papa nikimla."

Nikamjibu upesi, kama tulivyozoea sisi tuliosoma chuoni: papa ni halali. Suratul Maida, aya ya 96, imehalalisha mavuvi ya bahari, na kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa papa huliwa. Bibi akaondoka ameridhika, nami nikalala nimeridhika.

Wiki iliyofuata binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, aliinua mkono kwa adabu akasema: "Sheikh, muuguzi hakusema papa ni haramu. Amesema si salama kwa mwenye mimba." Ukumbi ukanyamaza. Nilimwambia amesema kweli, na kwamba nitasoma kisha nijibu tena. Hili ndilo jibu langu la pili.

Katika maji ya bahari mna zebaki, nyingine ya asili na nyingine itokanayo na moshi wa viwanda na machimbo. Viumbe wadogo huipokea kidogo, samaki wadogo huwala hao, samaki wakubwa huwala wadogo, na papa huwala wakubwa. Haba na haba hujaza kibaba: papa huishi miaka mingi, na zebaki aliyoila hujilimbikiza katika nyama yake. Kumroweka maji hupunguza chumvi, wala hakuondoi zebaki. Moto nao hauiondoi. Katika mwili wa mama mjamzito zebaki hii hupita hadi kwa mtoto tumboni, nayo huweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu inayoumbika. Ndiyo maana idara za afya za Marekani na Uingereza huwashauri wajawazito wasile papa kabisa.

Sisemi kwamba tonge moja limemharibu mtoto wa mtu. Madhara hufuata wingi na mazoea. Bibi yule asijilaumu kwa yaliyopita, wala watoto wake sita wasitiliwe shaka. Lakini fiqhi yetu ina kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana, na Qur'ani inapotaja kilicho halali huambatanisha nacho kilicho kizuri. Kitu huweza kuwa halali katika asili yake na kisimfae mtu fulani kwa wakati fulani, kama asali kwa mgonjwa wa sukari. Muuguzi alikuwa na haki, nami nilijibu suala ambalo sikuulizwa.

Katika kusoma huko nilijifunza jambo jingine, nalo latuhusu sote, wajawazito na wasio wajawazito. Papa na ndugu yake taa hawana mfupa. Kiunzi chao ni gegedu. Na uzazi wao haufanani na wa samaki tuliowazoea. Chewa mkubwa hutaga mayai mamia ya maelfu. Taa mkubwa yule arukaye majini kama ndege hubeba mimba yapata mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja, kisha huenda akapumzika miaka kabla ya kubeba tena. Papa wengi nao huchelewa kupevuka, na watoto wao ni wa kuhesabika.

Kiumbe azaaye hivyo akivuliwa kwa pupa hawahi kujaza pengo lake. Mwaka 2021 wataalamu waliokadiria hali ya jamii hii duniani walikuta zaidi ya theluthi moja ya aina zake ziko hatarini kutoweka, na sababu kuu ni uvuvi uliopita kiasi. Papa na taa wa bahari kuu walikuwa wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Papa mwenye kichwa cha nyundo, ambaye wavuvi wetu wanamjua vizuri, yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Mvuvi anayetega jarife si adui. Ana watoto wa kulisha. Lakini jarife halichagui: hunasa mama na mwana, na kasa pamoja nao.

Kisiwani Mafia wanapatikana papa shilingi, ambao wazee husimulia kuwa madoa yao ni shilingi walizorushiwa kutoka mbinguni. Wataalamu humtambua kila mmoja kwa madoa hayo, kwa hesabu iliyobuniwa kwanza kulinganisha picha za nyota. Ilidhaniwa kuwa msimu ukipita papa hao huhama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vyombo vya kupokea sauti chini ya maji, ulionyesha kuwa wengi hawakwenda popote. Walisogea mbali kidogo na pwani na kuzama chini zaidi. Walikuwapo, hawakuonekana tu. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi na hoja yake ya watoto sita. Zebaki nayo haionekani katika mchuzi.

Juzi nilimwendea bibi huyo Umoja, nikamweleza kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa pungufu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Basi Ijumaa nimpikie nini mwanangu?" Nikamwambia: dagaa, sadini, au ngege wa Gikomba, nazi ni ile ile na mkono ni ule ule. Binti yake, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akacheka.

Kwa wengine nasema: papa asiwe kitoweo cha kila wiki, wala msinunue vipapa vichanga, hata vikiuzwa rahisi. Na ninyi mlio na mimba au mnaonyonyesha, mwacheni kabisa, wala msiwalishe watoto wadogo. Mwenyezi Mungu awajaalie akina mama wote wajawazito kujifungua kwa salama. Wallahu aalam.