Mkaa ndio uliomwokoa dogo

Juzi jioni nimekaa zangu kibarazani, akatokea kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayo Altezza nyeusi ambayo anaiosha mara mbili kwa siku kama mtoto mchanga. Akanisalimia kwa adabu ambayo si kawaida yake, nikajua kuna jambo. “Bro, niazime grainda.” Nikamwuliza ya nini. Akacheka, akajikuna shingo. “Nataka nilishushe mbele kidogo. Limenyanyuka kama daladala la shamba.”

Grainda ninayo. Nikamnyima.

Akaondoka amenuna, na najua huko kijiweni sasa hivi mimi ndiye mzee mwenye roho mbaya. Sawa tu. Lakini ninyi wengine mnaonisoma kila wiki, kaeni niwape mkasa.

Mwaka 2009 nilikuwa na Toyota Celica, mtumba wa Japani, toleo la 1995, ile yenye taa nne za duara mbele kama vyura wawili wamekaa pamoja. Niliinunua kwa hela ya kuuza kiwanja changu cha Chanika, suala ambalo mama hajanisamehe hadi leo na ninaomba tuliache hapo. Gari lilikuwa bomba. Tatizo lilikuwa moja: kati ya tairi na bodi ngumi yangu ilipita bila kugusa popote. Kila nikiona picha za Celica za wenzetu huko Japani, zimelala chini mpaka unadhani zimepakwa gundi barabarani, yangu naiona imesimama dede.

Nikaenda Gerezani kuulizia springi fupi. Nikatajiwa bei, nikaomba maji ya kunywa. Ndipo mshikaji wangu mmoja aliponiambia kwamba springi hazinunuliwi, zinakatwa. Unachomoa, unaondoa mzunguko mmoja na nusu, unarudisha, kazi ya asubuhi moja. Jamaa mwenyewe hakuwa na gari, hilo sikulitilia maanani.

Basi bwana, Jumamosi moja nikaanza, uani kwa mama, Sinza. Vifaa vyangu: jeki iliyokuja na gari, matofali manne, seti ya spana na grainda ya kuazima kwa mchomeleaji. Msaidizi wangu alikuwa mdogo wangu wa mwisho, yuko kidato cha pili, likizo. Dogo alikuwa analipenda lile gari kuliko mimi. Akavuta kigoda, akakaa karibu, kazi yake kupokea nati na kuziweka kwenye kikombe cha plastiki.

Mwanzo ulikwenda vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Tairi likatoka. Bolti mbili kubwa za chini zikatoka. Nati tatu za juu, zile unazoziona ukifungua boneti, zikatoka. Shokapu na springi yake nikavichomoa vikiwa kitu kimoja, nikavilaza sakafuni najiona injinia. Pale katikati ya kisahani cha juu kuna nati moja. Nikaibandika spana.

Hapo nisimame kidogo, maana hapa ndipo roho za watu zinapotoka. Kwenye magari ya aina hii springi imebanwa katikati ya visahani viwili, na inabaki imebanwa hata gari likiwa juu ya jeki, hata shokapu ikiwa mkononi mwako. Iliminywa kiwandani kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa mtu mzima, na kinachoizuia isifyatuke ni ile nati moja tu. Mafundi wanaojua kazi huwa na vyuma viwili vyenye parafujo ndefu. Wanavikamata pande mbili za springi, wanaiminya taratibu, zamu huku zamu kule, mpaka inalegea kabisa kwenye visahani. Ndipo nati inafunguliwa. Mimi sikuwa navyo. Nilikuwa na miguu miwili, nikaibana nayo shokapu.

Nati ilikuwa ngumu. Dogo akainama aone inavyotoka. Kichwa chake, nakuapia, kilikuwa juu ya kile kisahani.

Mama akaita kutoka jikoni. “Wewe! Hebu njoo ukaninunulie mkaa, huu umeisha.” Dogo akasonya kimoyomoyo, nilimwona mdomo, akanyanyuka. Hatua mbili, labda tatu.

Nati ikatoka.

Sikusikia mlio kwanza, niliona spana haipo mkononi. Kisha paaa! Kisahani kilipita juu ya kigoda, kikatoboa bati la uzio wa jirani na kwenda kutua katikati ya kuku wake. Springi ikaruka upande wa pili, ikadunda ukutani, ikarudi ikizunguka kwenye sakafu muda mrefu kama sarafu. Mama akatoka na mwiko mkononi. “Nini hicho?” Nikajibu, “Tairi, mama.” Hata leo sijui kwa nini nilisema tairi.

Dogo alikuwa amesimama mlangoni na noti ya shilingi elfu moja aliyopewa. Akakiangalia kigoda, akaliangalia tundu la bati, akaniangalia mimi. Hakusema neno. Akaenda kununua mkaa.

Unadhani niliacha? Thubutu! Gari limefumuliwa mguu mmoja, mtaa mzima umeshasikia kishindo, aibu imenikaba. Mchana nikaenda kwa fundi mmoja kuazima vile vyuma vya kubania. Akaniuliza, “Ya kwanza umefunguaje?” Nikanyamaza. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni kama anahesabu viungo, akafunga gereji yake, akaja mwenyewe. Aliniambia mapema kwamba kukata ni ujinga, lakini kama nimeamua, nikate kwa grainda na si kwa moto wa gesi, maana moto unaua ugumu wa chuma na springi inakuja kukaa au kuvunjika siku ambayo hukuitarajia. Tukakata. Jioni gari likashuka chini ya jeki, likalala, jamani! Nikalizungusha Shekilango nzima kwa mwendo wa maharusi. Washkaji wakapiga miluzi. Usiku ule sikulala, nilitoka mara tatu kwenda kulitazama.

Utamu uliisha Jumatatu. Wengi hudhani springi ikikatwa inalegea, kumbe inakaza. Yenye mizunguko sita ukiondoa mmoja, ugumu wake unaongezeka kwa sehemu moja ya tano. Halafu umeshaipunguzia nafasi ya kuminyika. Kwa hiyo kila shimo shokapu inakwenda kugonga mpira wake, na kishindo kinakupanda mgongoni. Na tairi likining’inia, kama ukipita tuta kwa kasi au ukilipiga jeki, springi fupi inabaki huru, inachezacheza kwenye kibakuli chake. Ikirudi imekaa upande, utajua mwenyewe kwenye kona.

Wiki ya pili mama akasema nimpeleke msibani Tegeta, yeye na mashangazi wawili. Celica ina viti viwili vya nyuma vya kukalia watoto, shangazi zangu si watoto. Tuta la kwanza, kraaa! Sampo ikalalamika. Tuta la pili ekzosi. Kwenye la tatu mama akasema, “Simamisha.” Wakateremka wote watatu na kanga zao za msiba, wakavuka tuta kwa miguu, mimi nikalipitisha gari tupu kimshazari, wakapanda tena. Tulifanya hivyo mpaka tukatoka kwenye barabara ya mtaa. Watu walikuwa wanatuangalia. Mama hakuzungumza njia nzima, ila tulipofika alisema polepole, “Kiwanja kingekuwa bado kipo.”

Na matairi ya mbele, ndani ya miezi miwili, yalikuwa yameliwa upande wa ndani mpaka nyuzi. Gari likishuka, pembe za magurudumu zinabadilika zote, na mimi sikwenda kupima alaimenti kwa sababu hela nilikuwa nimenunulia stika.

Kwa hiyo kijana wa Altezza, najua utasoma, maana gazeti hili unaliazima kwangu. Sikukukataza kulishusha. Kusanya hela ununue springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo na kwa gari hilo hilo, ambazo ni fupi lakini zinabaki zimebanwa hata tairi likining’inia. Sentimita tatu zinatosha kabisa kwa barabara zetu. Ngumi haitapita na shangazi hatateremka. Tafuta stendi za chuma, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na matofali ndiyo kabisa, yanapasuka bila kuaga. Bolti za mikono yenye bushi uzikaze mwisho, gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, la sivyo mpira unajinyonga na kuchanika. Ukimaliza, alaimenti siku hiyo hiyo, na taa uzipime upya.

Celica niliirudishia springi zake za urefu wa kawaida, mtumba, kisha nikaiuza. Vile vyuma vya kubania nilivinunua mwaka huo huo, na vipo. Tundu la bati nalo lipo, jirani alikataa lisizibwe, anasema kuku wake wanapata hewa. Dogo sasa ana miaka thelathini na kitu, ana watoto wawili, na akija kusalimia hakai kwenye kile kigoda.

Kijana, njoo Jumamosi saa mbili asubuhi. Grainda itabaki ndani. Mkaa tutanunua Ijumaa.