Tusiuze sauti ya mukulima



Siku hizi, mutu akisema mukulima anaonewa, wanasiasa wanamujibu haraka: «Huyu ni populisti, anatafuta kura.» Sisi tunasema: mbele ya kutumia hilo neno sawa vile tusi, tujue lilivuma namna gani. Lilitoka mu mashamba.

Ilikuwa Marekani, miaka ya 1880. Wakulima wa pamba kule Texas na Georgia, na wa ngano kule Kansas, walikuwa wanatoka jasho kila mwaka, na kila mwaka deni linazidi. Bei ilikuwa inaanguka: mwaka 1894 ratili moja ya pamba ilikuwa chini ya senti 6. Kule kusini, mukulima asiye na pesa alikopa chakula na mbegu kwa mwenye duka, akaweka rehani pamba ambayo bado haijaota. Mwenye duka njo alipanga bei ya vitu na faida ya mukopo. Kampuni za reli nazo zilipanga bei ya kusafirisha mavuno, na mara nyingi hakukuwa njia ingine.

Hawakungojea mukombozi. Walianza na ushirika: kuuza pamba pamoja, kununua vyombo pamoja. Walituma watu wao kijiji kwa kijiji kueleza deni linatoka wapi. Benki zilipokataa kuwakopesha, njo wakaelewa kama shida haiko ya soko tu, iko ya siasa. Tarehe 4 Julai 1892, mu muji wa Omaha, chama chao, People's Party, ni kusema Chama cha Raia, kilitangaza madai: reli ziwe za serikali, mwenye mapato makubwa alipe kodi kubwa, na maseneta wachaguliwe na raia wenyewe, hapana na wabunge wa jimbo. Mwaka ule ule mugombea wao, James Weaver, alipata kura zaidi ya milioni 1. Wale njo waliitwa Populisti.

Halafu vitu viwili viliwavunja.

Cha kwanza, rangi. Wakulima weusi walilazimika kuunda muungano wao pembeni, ju ule wa wazungu haukuwapokea. Tom Watson wa Georgia aliwaambia maskini weupe na weusi kama wanatenganishwa ili kila mumoja aibiwe upande wake. Alisema kweli. Lakini wapinzani walipiga ngoma ya rangi, kura zikaibiwa, damu ikamwangika. Miaka nyuma, Watson mwenyewe akageuka muhubiri wa chuki.

Cha pili, kumezwa. Mwaka 1896 waliunga mukono William Jennings Bryan, mugombea wa chama kikubwa cha Demokrati. Bryan alishindwa, na chama cha wakulima kikazimika. Mwaka 1913, kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta na raia viliingia mu katiba. Madai yalishinda, lakini wakulima wengi weusi wa kusini walikuwa wamekwisha nyang'anywa kura.

Sasa tuangalie kwetu. Mama anayeleta viazi kutoka Masisi anaijua hii hesabu. Barabara mbaya, barieri njiani, malipo bila risiti. Akifika ku soko, mununuzi njo anapanga bei, ju viazi vitaoza. Na maseneta wetu, mpaka leo, katiba inasema wachaguliwe na wabunge wa jimbo, sawa vile Marekani ya wakati ule. Na sisi wa muji, wenye diplome bila kazi, tunalalamika bei ya viazi bila kuuliza mulimaji alibakia na ngapi.

Njo maana tunasema: tuanze na hesabu ya mukulima, hapana na hotuba. Tuandike barieri kwa barieri, franka kwa franka. Tumukatae kila mutu anayetuambia kama adui ni kabila la jirani, hata kama jana alikuwa anasema vizuri. Na chama kikubwa kikituahidi kiti ili tunyamaze, tukumbuke mwaka 1896.

Wakituita populisti, tusikasirike. Tuwaombe risiti.